Tikiti Haliwekwi Chini

Wasee, leo si siasa. Leo ni matikiti.

Hapa Garissa tunapoteza pesa kwa kitu kidogo sana: namna tunavyopanga mzigo. Pita Soko Mugdi asubuhi ujionee. Matikiti yamerundikwa juu ya gunia kama kichuguu. Mteja akigusa moja, matatu yanakimbilia barabarani. Lile la chini kabisa limebeba wenzake tangu juzi, tayari lina ufa ambao hutauona mpaka nzi wakuonyeshe.

Hooyo anauza matikiti ya mashamba ya kando ya Tana. Nilikaa naye nikahesabu. Kila siku alikuwa akitupa kama mawili. Ukiuza moja 150, hiyo ni 300 kwa siku, 9,000 kwa mwezi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Nikiona elfu tisa zinaoza mchana kweupe, walahi siwezi kunyamaza. Na mnakumbuka mafuriko ya 2023 na 2024, barabara ilipokatika kule Mororo. Siku kama hizo kila tikiti ulilo nalo ni mali.

Wazo nililitoa mbali. Nilikuwa natazama video ya Mmarekani anajenga rafu ya tufe za boulingi, ule mchezo wa kuviringisha tufe zito liangushe vigingi. Tufe kubwa kabisa ni kilo 7 na kitu, upana wake sentimita 21 na kidogo. Nikasema, si hilo ni tikiti kabisa!

Na siri yake ni rahisi: kitu cha mviringo hakitaki meza, kinataka pengo. Weka mbao mbili sambamba, acha nafasi kati yao iwe ndogo kuliko upana wa tikiti. Tikiti linazama kidogo katikati, linashikwa pande mbili, haliendi popote. Mimi niliacha sentimita 14. Hewa inapita chini, na hakuna tikiti linalokalia mwenzake.

Sasa mbao. Watu wanakimbilia rafu za chuma kutoka Nairobi, na mathenge imetuzunguka mpaka mlangoni. Mti huu uliletwa Kenya miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa, ukageuka kero. Watu wa Baringo walifika hadi mahakamani kulalamika, wakaenda na mbuzi aliyepoteza meno. Miiba yake inatoboa tairi, hilo hakuna wa kubisha. Lakini mti wenyewe ni mgumu ajabu, na unapatikana bila kununua.

Nilifanya hivi. Miguu minne ni ya mathenge, unene wa mkono. Bambua gome lote, kwa sababu wadudu wanaobungua mti hupenda kujificha humo. Usipige msumari moja kwa moja kwenye mathenge iliyokauka, utapinda tu. Toboa kwa drili kwanza, kisha funga kwa bolti. Mathenge ni nadra kunyooka, kwa hivyo mbao za kulalia matikiti nilinunua za 2 kwa 2, futi 6. Safu tatu, kila safu mbao mbili. Ile ya mbele iwe juu kidogo kuliko ya nyuma, vidole viwili hivi, ili tikiti liegemee ndani. Mwisho wa kila safu piga kizuizi kifupi.

Halafu zungushia mbao vipande vya tyubu kuukuu. Mpira unazuia kuteleza, na ganda halichubuki.

Usisahau mbao za mshazari nyuma. Safu moja inabeba matikiti 7, zote tatu ni 21. Kila moja likiwa kilo 6, hiyo ni kilo 126, kama watu wazima wawili wamekaa hapo kutwa. Bila mshazari rafu itaanza kucheza, na siku moja italala.

Jambo la mwisho: kivuli, na mbali na ndizi mbivu. Ndizi ikiiva inatoa hewa inayoharibu tikiti haraka. Hooyo alikuwa anaviweka pamoja, kama karibu kila mtu sokoni. Tukavitenganisha.

Matokeo? Sasa anatupa mawili kwa wiki, si kwa siku. Na Ramadhani ikiingia, watu wote wakitaka tikiti la futari, atakuwa na la kuuza.

Kuna mzee aliniona nikitoboa mti akasema, "Kijana, hii ndiyo kazi uliyoachia chuo?" Nilimjibu kwa heshima, ni mzee wetu. Lakini hapa nitasema: kupima pengo, kujua uzito unakaa wapi, kuchagua mti unaofaa, hiyo pia ni elimu. Mji huu una vijana wengi nyumbani wenye mikono na akili, na mama zao wanarundika mali chini. Hatuhitaji kusubiri mradi wa mtu. Tunahitaji drili ya kuazima na Jumamosi moja.

Habaryar ameshaniagiza ya kwake, jirani naye anauliza bei. Ya hooyo ilikuwa bure, ya habaryar nusu bei. Jirani, wewe lete pesa yote.