Kariakoo, kumtafutia kijana kompyuta ya kazi

Ukishuka mwendokasi Gerezani na kutembea hadi Mtaa wa Aggrey, shika begi lako vizuri. Simu, kava, chaja, na spika zinazoshindana kelele. Jumamosi nilimsindikiza shangazi kumtafutia mwanawe kompyuta mpakato. Kijana ameanza chuo, anasomea kutengeneza programu. Fedha ni mkopo wa kikoba, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kununua mara mbili.

"Mama karibu, hii mpya, iko kwenye boksi," alisema kijana wa duka la kwanza. Mpya kweli, lakini RAM yake GB 4. Android Studio, inayotumika kutengeneza programu za simu, inataka isipungue GB 8, na hapo hujafungua kivinjari. Tukaaga.

Duka lililotufaa lilikuwa ghorofani, ngazi nyembamba, mashine zilizotumika kwenye maofisi ya nje zimepangwa kama matofali. HP EliteBook 840 G3 na G5 zilikaa pamoja, na kwa mgeni zinafanana kama mapacha. Kumbe G3 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6, na G5 nyingi zina kizazi cha 8. Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8. G3 inamfaa anayetumia Linux, ila muuzaji hakutuambia hayo mpaka tulipouliza.

Shangazi aliomba G5 ifunguliwe mgongo. Fundi akatoa bisibisi, tukaona nafasi mbili za RAM, moja ina GB 8, nyingine tupu. Hapo ndipo nilipotulia. Mashine nyingi nyembamba za siku hizi RAM yake imegandishwa kwenye bodi. Ukinunua ndogo, umebaki nayo. Hii kijana ataongeza GB 8 nyingine fedha ikipatikana, afikishe 16.

Betri nayo haipimwi kwa macho. Andika powercfg /batteryreport kwenye sehemu ya amri. Kompyuta inatoa ripoti ya uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Yetu ilitoka 50 hadi 31. Shangazi hakusema kitu, alimwonyesha tu muuzaji kioo, na bei ikashuka.

Bakisha fedha kidogo, mzazi. Miye naandika habari za afya, na shingo za vijana hawa zinanisumbua: kioo cha kompyuta mpakato kiko chini, anainama saa nane kwa siku. Kibodi ya nje na vitabu vichache vya kuinulia kioo hadi usawa wa macho vinatosha. Kibodi tuliipata hukohuko Aggrey, chini ya ngazi.