Mpambire, Kijiji Kinachovisha Ngoma

Msafiri atokaye Masaka kwenda Kampala, akiisha kuupita mstari wa Ikweta pale Kayabwe na vilima kadhaa vya migomba na kahawa, huziona ngoma kabla hajakitambua kijiji. Zimepangwa kandokando ya lami, nyingine kubwa kama pipa, nyingine ndogo za kuchezea watoto. Hapo ni Mpambire, karibu na mji wa Mpigi, mahali ambapo kwa vizazi vingi watu wamechonga na kuwamba ngoma za Buganda. Mabasi mengi hayasimami. Abiria huchungulia dirishani, hutaja ngoma, kisha hurudia usingizi wao.

Sisi akina mama wa kwaya kutoka upande wa Bukoba tulishuka, maana tulikuwa na mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amefungwa ndani ya kanga mbili na kulazwa juu ya mizigo: ngoma kubwa ya kanisa letu, iliyochongwa kabla wengi wetu hatujaolewa, na ambayo kiwambo chake kilipasuka katikati ya msimu wa Pasaka. Safari yetu ilikuwa ya kuhiji Namugongo kwa siku ya tarehe 3 Juni, siku ya kuwakumbuka mashahidi wa Uganda. Tukaona kwamba kama tunapita Mpambire kwenda na kurudi, basi mgonjwa apate tabibu njiani.

Lakini tusiwafiche, wapenzi wasomaji, kwamba ngoma hiyo nusura ibaki stoo. Vijana wetu walitaka kanisa linunue seti ya dramu za kisasa, zile zenye matoazi ya shaba na ngoma tano zilizovishwa plastiki ing'aayo. Hoja yao si ya kupuuzwa. Ngozi za plastiki, zilizoanza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1950, hazilegei mvua inaponyesha, na sisi wa Bukoba tunajua mvua. Seti moja humtosha mpigaji mmoja, nayo magitaa yanaisikia vizuri. Ila bei yake, hata ya zile zilizokwisha kutumika, ilikuwa sawa na michango yetu ya miaka. Tena ngoma ya zamani ilikuwa bado nzima mwilini. Kilichokufa ni ngozi tu.

Hilo ndilo jambo la kwanza tulilofundishwa Mpambire, na tungependa kila kanisa lenye ngoma stoo lilijue. Fundi mzee aliyetupokea aliifungua kanga yetu, akaigeuza ngoma kichwa chini, akaigonga mzinga kwa vifundo vya vidole, akasikiliza. Kisha akaingiza mkono ndani na kupapasa ukuta wote, kama mkunga anavyopapasa tumbo. "Bannyabo," alisema kwa Kiswahili chake cha Uganda, "hii miti iko hai. Watu wanatupa mzinga kwa sababu ya ngozi. Ngozi ni nguo. Nani anamtupa mtoto kwa sababu nguo imechanika?"

Mzinga ndio mali yenyewe. Huchongwa kutoka gogo moja, fundi akilitoboa kwa patasi na tezo mpaka ukuta ubaki mwembamba, na kazi hiyo hula siku nyingi. Mti upendwao sana ni ule Waganda wauitao musizi, kwa sababu ni mwepisi na haraka hukua. Wakulima wengi huuacha shambani uipe kahawa kivuli. (Huko Amani, katika milima ya Usambara, mti huo huo uliopandwa na watu ulienea mpaka ukaivamia misitu ya asili, kila mti na mahali pake.) Mafundi walituambia kwamba magogo manene siku hizi huyafuata mbali. Basi kila mzinga wa zamani unaovishwa upya ni mti mmoja uliobaki umesimama.

Ngozi ni ya ng'ombe. Iko ngoma nyingine ya Buganda, ndefu na nyembamba kiunoni, iitwayo engalabi, ambayo kwa desturi huvishwa ngozi ya kenge. Ni nzuri kusikiliza, lakini biashara ya ngozi za kenge kuvuka mipaka inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa, na sisi tulikuwa na mpaka wa Mutukula mbele yetu. Hata kwa ngozi ya ng'ombe ni vema kuwauliza kwanza watu wa mifugo wa pande zote mbili kabla ya kufunga mizigo.

Sasa kazi yenyewe. Ngozi iliyokwisha kukaushwa juani kwa kuwambwa chini kwa vigingi hulowekwa majini usiku kucha, mpaka iwe laini kama kitenge kilicholowa. Hukatwa kipande cha mviringo kipana kuliko mdomo wa ngoma, na kingine kidogo cha kitakoni, kwa maana ngoma za Buganda huvikwa juu na chini. Kandokando ya kila kipande hutobolewa matundu. Kisha, na hapa sote tulisogea karibu, fundi huchukua kipande kingine cha ngozi na kukikata kwa kuzunguka, kuzunguka, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda, hata apate ukanda mmoja mrefu sana. Ukanda huo husokotwa ukiwa umelowa, nao ndio uzi wa kushonea: unapanda tundu la juu, unashuka tundu la chini, mpaka mzinga wote umefunikwa na mistari.

Kuvuta ndiko kwenye siri. Kiswahili kina methali isemayo kwamba mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, nasi huitumia kumsema mtu anayejipendelea. Pale Mpambire tuliona kwamba fundi afanyaye hivyo huharibu kazi. Akivuta upande mmoja, kiwambo hukaa mshazari na sauti hupasuka. Mzee alivuta upande wa mashariki, akaenda wa magharibi, akarudi kaskazini, kidogo kidogo, huku akigonga ukingo kwa nyundo ya mti ili ngozi ishuke. Tulihesabu mizunguko mpaka tukachoka kuhesabu.

Kabla ya kufunga kiwambo cha juu alitudokeza tuangalie ndani ya ngoma nyingine za pale. Katika ngoma nyingi za nchi za Maziwa Makuu huwekwa kitu kidogo ndani, kama moyo wake. Katika ngoma za wafalme kitu hicho kilikuwa siri, na kwa kweli siri hizo zilishikamana na ibada ambazo sisi Wakristo hatuzifuati. Mzee alielewa bila kuambiwa. Alifunga ngoma yetu ikiwa tupu.

Mwenzetu mmoja, mama mwenye mikono ya kulima, aliomba naye avute. Fundi kijana akacheka. Kwa mila za Buganda kupiga ngoma na kuishughulikia kulikuwa kazi ya wanaume, na si Buganda peke yake. Nchini Burundi, ambako ngoma za kifalme ziliingizwa katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014, amri ya rais ya Oktoba 2017 iliwakataza wanawake kuzipiga ngoma hizo. Jirani yao, Rwanda, mambo yalikwenda njia nyingine: mwaka 2004 huko Butare, mji ambao sasa ni sehemu ya Huye, Odile Gakire Katese alianzisha kundi la wanawake wapigao ngoma, Ingoma Nshya, wakiwamo wajane na yatima wa mauaji ya 1994, wa pande zote mbili. Mito na vilima ni vile vile, ngoma ni za ukoo mmoja, lakini mama wa huku anazuiwa na wa kule anapiga.

Tulimjibu yule kijana kwa upole. Tulimkumbusha Miriamu, dada yake Musa, aliyeshika tari baada ya kuvuka bahari, na wanawake wote wakamfuata nyuma na matari yao. Na tari ni nini kama si ngozi iliyowambwa? Kijana akamtazama mzee. Mzee hakusema neno. Alimnyoshea mwenzetu kile kijiti kinachozungushiwa ukanda wakati wa kuvuta, akamwonyesha pa kukanyaga, akasimama pembeni. Mpaka saa tisa mchana sote tulikuwa tumevuta, na viganja vyetu vilikuwa vyekundu.

Tuliiacha ngoma ikauke kivulini, tukaendelea na safari. Ya Namugongo yameandikwa mengi, wala hatutayarudia: mashahidi 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, na umati uliokuja kwa miguu kutoka mbali. Sisi masikio yetu yalikuwa kwenye ngoma. Wamisionari wengi wa mwanzo walizikataa ngoma kanisani kwa kuziona za kipagani. Lakini mwaka 1964, mashahidi Wakatoliki walipotangazwa watakatifu, utunzi wa Joseph Kyagambiddwa wa Uganda uliimbwa Roma kwenyewe. Na katika Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala, watu wameitwa kusali kwa ngoma kama kwingine wanavyoitwa kwa kengele. Waganda wamezoea kuitwa hivyo. Kila ukoo wao una mapigo yake, na yapo mapigo ya kuwaita watu kwenye kazi za kijiji ambayo maneno yake, kwa maelezo tuliyopewa, yanasema ngoma haimtaki mtu aliyelala. Mama mwenye watoto wa shule anaielewa ngoma hiyo bila mkalimani.

Tuliporudi Mpambire baada ya siku nne, kiwambo kilikuwa kimekauka na kuwa kigumu kama ubao. Mzee alikaza tena kanda zilizolegea, akanyoa manyoya yaliyosalia kwa kisu, akapiga mara moja. Hatukusema kitu kwa muda. Alitupa na masharti ya utunzaji, na haya tunayaandika kwa ajili ya kila mama mwenye ufunguo wa stoo ya kanisa: ngoma isikae chini sakafuni, maana unyevu hupanda, isiegemezwe karibu na magunia ya nafaka, maana panya akiisha mahindi atakula ngozi, ikilegea msimu wa mvua iotwe jua la asubuhi au moto wa mbali, si jua kali la mchana, ambalo huipasua. Na kiwambo kisipakwe vanishi kamwe. Vanishi ni ya mzinga.

Nyumbani tulikuwa na ngoma nyingine ndogo, iliyolala miaka kadhaa bila ngozi. Juni na Julai ni kiangazi kwetu, tukaona tujaribu wenyewe, kwenye kibanja cha mwenyekiti wetu, chini ya migomba. Mzinga wake ulikuwa na ufa. Tuliusafisha, tukaujaza unga wa mbao uliochanganywa na gundi ya maseremala, tukaacha ukauke, kisha tukausugua wote kwa msasa, mkali kwanza na laini baadaye, tukifuata mwelekeo wa nyuzi za mti. Chini ya masizi ya miaka mingi ilitokea rangi ya asali ambayo hakuna aliyeikumbuka. Tulipaka vanishi mara mbili, na ukingo ambapo ngozi hulalia tuliuacha bila kupakwa.

Ngozi tuliipata kwa mchinjaji, na kwa siku tatu kibanja kile hakikuwa na amani. Nzi walikuja. Mbwa wa vitongoji vyote walikuja pia, hata ikabidi watoto wapange zamu za ulinzi kwa fimbo, kazi waliyoipenda kuliko kuosha vyombo. Mume wa mwenyekiti alipita mara kadhaa akijifanya anatafuta jembe. Siku ya pili aliacha kutafuta, akavua koti, akashika ukanda upande wa pili. Vijana wa dramu nao walikuja. Mmoja wao, fundi wa kusikiliza kuliko sisi, ndiye aliyekuwa akigonga kiwambo na kutuambia upande upi bado umelegea.

Sauti ya ngoma hiyo ni nyembamba kuliko ya ile iliyovishwa Mpambire, na tumeamua iwe ya kuitikia. Jumapili ya kwanza ilipigwa na binti wa miaka kumi na mitatu, kwa kuwa yeye alilinda mbwa usiku. Vijana bado wanaweka akiba ya dramu zao, nasi tumewachangia kidogo. Stoo imebaki na mzinga mmoja, mkubwa kuliko yote, na mchinjaji amekwisha kuambiwa atuwekee ngozi ya ng'ombe wa Krismasi.