Niliwanyima Wanafunzi Wangu Kitabu

Kwa miaka kadhaa nilifundisha riwaya teule ya Kiswahili mjini Kitale, na wengi wa wanafunzi wangu wakaingia kwenye chumba cha mtihani bila kuisoma. Nilijua hawajaisoma. Mimi ndiye niliyewaambia wasihangaike nayo. Naungama haya hadharani kwa sababu kosa lenyewe bado linatendeka, kuanzia Kiminini hadi Kanduyi, na wanaolitenda ni walimu wema wanaojituma, kama nilivyojihesabu mimi.

Riwaya ilikuwa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotahiniwa katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kuanzia 2013 hadi 2017. Pamoja nayo kulikuwa na tamthilia ya Mstahiki Meya ya Timothy Arege na mkusanyiko wa hadithi fupi wa Damu Nyeusi. Vitabu hivyo vitatu, ushairi na fasihi simulizi vilitahiniwa katika karatasi moja: alama 80, maswali manne, saa mbili na nusu. Kabla yake mtahiniwa ana insha ya alama 40 na karatasi ya lugha ya alama 80. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hutafuta mahali pa kuokoa muda. Mimi niliuokoa kwenye kusoma.

Nikatunga mwongozo wangu. Ulikuwa kurasa zilizopigwa fotokopi pande zote mbili na kubanwa pini pembeni. Kushoto niliandika jina la mhusika, kulia sifa zake, na chini ya kila sifa sentensi moja ya kuithibitisha. Amani: msamehevu, mvumilivu, mwenye utu. Mtemi Nasaba Bora: dikteta, mnafiki, mnyakuzi wa ardhi. Nyuma yake yalifuata madondoo niliyoyatarajia, kila moja na majibu yake tayari: msemaji ni nani, anamwambia nani, wako wapi, kisa ni nini. Katika prepu ya alfajiri darasa zima lilitamka majibu hayo kwa pamoja, nami nikipita kati ya madawati nimeridhika kabisa. Wanafunzi walinipenda, wazazi walinishukuru. Wastani wa somo ulipopanda kidogo, mwalimu mkuu alinitaja kwa jina katika mkutano wa wazazi.

Sikujiona mdanganyifu hata kidogo. Niliwachukia walioingiza mwakenya kwenye chumba cha mtihani. Mwaka wa 2015 mitihani ilipovuja nchini, na matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa KCSE yakafutwa, nilisimama mbele ya gwaride nikawahubiria wanafunzi uaminifu. Nilisema kweli, lakini nusu. Anayenunua karatasi iliyoibwa na anayekariri majibu ya mwalimu wake hawafanani mbele ya sheria, na sitaki kuwasawazisha. Ila wote wawili wamefundishwa kwamba jibu laweza kupatikana bila kupita kwenye kazi inayolizaa. Somo hilo niliwafundisha mimi, kila asubuhi, na wakalielewa kuliko fasihi.

Kisha ukaja mwaka wa 2016. Waziri wa Elimu alikuwa Fred Matiang'i, na baraza la mitihani, KNEC, lilikuwa limepata mwenyekiti mpya, Profesa George Magoha. Karatasi zikafungiwa kwenye makontena, walimu wakuu wakapewa jukumu la kuzichukua wenyewe asubuhi ya mtihani, na ziara za wazazi shuleni zikapigwa marufuku muhula wa tatu. Matokeo yalipotoka, wenye gredi ya A nchi nzima walikuwa 141, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya 2,600. Ni watahiniwa 88,929 tu waliofikia C+ kwenda juu, kiwango cha kujiunga na chuo kikuu.

Katika darasa langu la mwaka huo kulikuwa na msichana kutoka upande wa Chwele, Kaunti ya Bungoma, aliyekuwa akikaa Kitale kwa shangazi yake. Sitamtaja jina, na nimeandika habari zake kwa ruhusa yake. Mama yake aliuza vitunguu na nyanya katika soko la Chwele, na kwa fedha hizo alimnunulia bintiye nakala mpya ya riwaya. Msichana aliivika jalada la gazeti, akaandika jina lake kwa mwandiko wa kujipinda, akaja nayo darasani akiibeba kwa mikono miwili. Alitaka kuwa wakili. Alikuwa na ratiba aliyoibandika ndani ya kifuniko cha dawati, na kila somo lilikuwa na saa yake.

Siku moja baada ya kipindi alinifuata mlangoni.

“Mwalimu, nimefika sura ya tatu. Niendelee, ama nishike tu ule mwongozo?”

Nikamjibu, “Mwanangu, kitabu ni kirefu na muda hakuna. Shika mwongozo. Kila kitakachoulizwa kimo humo.”

Alikuwa mtoto mtiifu. Aliitikia, “Sawa, Mwalimu,” na nikaona nimemsaidia. Mwishoni mwa mwaka, tulipokuwa tukikagua vitabu, niliishika nakala yake. Sura za mwanzo zilikuwa zimelegea na kuchafuka pembeni, zimejaa mistari ya penseli. Kuanzia hapo hadi mwisho, kurasa zilikuwa nyeupe na ngumu kama zilivyotoka dukani. Niliirudisha mezani nisiseme kitu.

Katika mtihani ule sikuwa nimetabiri sawasawa, na hata pale nilipokaribia, swali liliulizwa kwa namna ambayo sentensi zangu hazikuweza kulijibu. Mtahini hakutaka orodha ya sifa. Alitaka mtu aliyeishi na wahusika, anayejua neno fulani lilisemwa kwa uchungu gani na lilizaa nini baadaye. Msichana wangu alipata C+ katika Kiswahili. Kusomea sheria katika vyuo vikuu vya Kenya huhitaji angalau B katika Kiingereza au Kiswahili, na Kiingereza pia hakikumfikisha. Mlango ukafungwa hapo. Siwezi kuapa kwamba angeipata B kama angeisoma riwaya yote. Naweza kuapa kwamba alitaka kuisoma, na mimi nikamzuia.

Miaka michache baadaye nilikwenda Bungoma kwa semina ya walimu, nikamkuta akifanya kazi katika duka la pembejeo, akiwa na stashahada yake ya kilimo. Kazi ni ya heshima na anaifanya kwa ustadi, japo si aliyoitamani. Alinikaribisha kiti, akaniletea soda, tukazungumza habari za nyumbani. Kisha akasema, bila kinyongo, “Mwalimu, kile kitabu nilikuja kukisoma baada ya mtihani. Nilikimaliza wikendi moja.”

Wikendi moja. Sisi tulikuwa tumetumia mwaka mzima wa prepu za alfajiri kukariri mwongozo wake.

Akaongeza jambo lililonichoma zaidi. Aliniuliza kama niliwahi kufikiria habari za Mwalimu Majisifu. Katika riwaya ile, Majisifu ni mwalimu anayeuchukua mswada wa Amani na kuuchapisha kama wake, akavuna sifa za kazi ya kijana asiyejiweza. Kwenye mwongozo wangu nilikuwa nimeandika tu: “Majisifu: mwizi wa mswada.” Wanafunzi walikariri maneno hayo, wakayaandika kama yao. Kitabu kilikuwa kikituonya kuhusu maneno ya kuazima, nasi tukakijibu kwa maneno ya kuazima.

Na si kwamba kitabu hicho kilitoka mbali. Walibora alizaliwa Bungoma mwaka wa 1965 na kukulia pande zetu za Trans Nzoia. Katika riwaya yake ya kwanza, Siku Njema ya 1996, kijana Kongowea anasafiri kutoka Tanga kumtafuta baba yake, na safari inamleta Kitale. Alipofariki Nairobi Aprili 2020, alizikwa Cherangany. Wanafunzi wangu walikuwa majirani wa mwandishi mkubwa, wengine wakipita karibu na kwao kila walipofunga shule, na hawakuwa wamemsoma. Mwanafunzi wa Kitale anayetafuta mfano wa juhudi hahitaji kutafutiwa ng'ambo. Huyu alikuwa wa hapa, na mimi nilimweka pembeni.

Tangu siku ile ya Bungoma nimebadili ufundishaji wangu, na ninayoyasema sasa nimeyaona yakifanya kazi. Kwanza tunasoma kitabu chote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa raha, bila kalamu. Baada ya kila sura mwanafunzi hukifunga na kuandika kwa maneno yake kilichotokea na kwa nini. Kama hawezi, hajasoma, na anarudia. Maswali ya miaka iliyopita bado tunayatumia, lakini mwanafunzi hujibu kwanza, kwa dakika zisizozidi 37 kwa swali, ndipo afungue mwongozo wa kusahihisha. Wakijadiliana katika vikundi, kila mmoja humtetea mhusika mmoja kwa ushahidi wa kitabuni. Na usiku wanalala. Zamani niliwasifu waliokesha. Siku hizi nikimkuta mtoto anasinzia kwenye prepu, namuuliza alilala saa ngapi, na jibu lake nalichukulia kwa uzito kama alama zake.

Utafiti unaniunga mkono, na natamani ningeujua mapema. Mwaka wa 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena na tena, wengine walivisoma kisha wakajaribu kuvikumbuka bila kuvitazama. Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja hali iligeuka: waliojipima wenyewe waliwashinda. Ndiyo maana kukariri kwangu kulidanganya. Darasa liliponijibu kwa sauti moja saa kumi na moja alfajiri, nilidhani nimesikia ujuzi, kumbe nilikuwa nasikia zile dakika tano za mwanzo. Mtihani haufanywi ndani ya dakika tano hizo.

KCSE yenyewe inaelekea kwisha. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na mfumo mpya wa elimu umekwisha kuingia. Nina hofu kwamba tabia yangu ya zamani itahamia humo ikiwa nzima, kwa sababu haikuletwa na mtihani. Ililetwa na mwalimu aliyeogopa wastani wa chini kuliko alivyoogopa kutowafundisha watoto.

Mwalimu mwenzangu, ukitunga mwongozo, mpe mwanafunzi baada ya kumaliza kitabu, kamwe usimpe badala ya kitabu. Mzazi wa Bungoma au Trans Nzoia uliyeuza gunia la mahindi ukanunua vitabu teule, muulize mwanao akusimulie hadithi iliyomo. Atakaposimulia utajua kama fedha zako zimefanya kazi. Nawe mwanafunzi mwenye ndoto kubwa, mtu yeyote akikwambia kitabu ni kirefu na muda hakuna, hata akiwa mwalimu unayemheshimu, msikilize kwa adabu, kisha nenda ukakisome chote.

Kwa binti yule wa Chwele, na kwa wenzake wote niliowapitisha njia hiyo: nilikosea, na mlistahili kufundishwa vizuri zaidi. Nisameheni.