Malaba, Mwisho wa Njia ya Malori

Familia nyingi za Mombasa, Mariakani na Voi zina mtu wao Malaba, ingawa zenyewe hazijapata kufika huko. Ni mume, ndugu au kijana aliyeajiriwa kuendesha lori. Huchukua kontena Kilindini, akapita Nairobi na Eldoret, na baada ya zaidi ya kilomita 900 akajiunga na foleni ya mpaka wa Uganda kungoja karatasi zake zipite forodhani. Simu yake ikizimika Malaba, nyumbani hakulaliki. Mama mmoja wa Kisauni alitutwika swali: mwanawe ameacha pombe kwa msaada wa kikundi kinachokutana Mombasa, je, akiwa mpakani, ataketi na nani?

Tulianzia Busia, mji mmoja wenye nchi mbili. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda Februari 2018, na malori hupita kwa utaratibu mzuri. Kinamama huvuka na mayai, nafaka na vitenge, na vijana wa boda boda hugombea abiria. Husemekana jina la kazi yao lilizaliwa mipakani huku. Sokoni mlikuwa na harufu ya samaki mkavu na kelele za lugha tano kwa pamoja.

Pombe haijifichi. Kwa Wateso, ajono, pombe ya wimbi, hunywewa na wazee waliozunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na ina adabu zake. Sisi dini yetu imetukataza, lakini hatukuja kuwatukana wenyeji wetu. Wenyeji hao hao ndio waliotuambia kwamba kinachowamaliza vijana ni chang'aa na waragi, na vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali ambavyo Uganda ilivipiga marufuku mwaka 2019.

Barabara ya Malaba hupita Alupe, palipokuwa na hospitali ya wagonjwa wa ukoma. Enzi hizo mgonjwa aliletwa huku na jina lake likaacha kutajwa kwao. Twajua nyumba za pwani ambamo mlevi hufanyiwa vivyo hivyo: huambiwa wageni kwamba amesafiri, naye yumo chumba cha nyuma.

Malaba yenyewe ni foleni. Dereva huweza kukaa saa chache au siku kadhaa, na siku hizo hazina kazi wala mke wala jirani anayemjua. Kila hatua kumi pana baa. Tuliuliza msikitini, tukaelekezwa kwa muuguzi, naye akatupeleka kwenye chumba cha zahanati ambamo watu saba walikuwa wameketi kwa duara: madereva wawili, mwalimu, muuza mitumba, na wengine ambao hatukuuliza kazi zao. Hapakuwa na mhubiri. Mmoja alisema hajanywa kwa siku tisa, wakamwitikia, kisha akazungumza mwingine. Waliporuhusu maswali tuliwauliza kuhusu kijana wa Kisauni. Dereva mmoja alisema aje, asingoje kulemewa; na kabla ya kuzima injini ampigie mmoja wao.

Utaratibu huo una asili yake. Ulianza Marekani mwaka 1935, mjini Akron, kwa walevi wawili waliogundua kwamba kila mmoja humsaidia mwenziwe kuliko anavyojisaidia peke yake. Kikundi cha namna hiyo hakitozi ada, na sharti la kuingia ni nia ya kuacha tu. Waislamu wengine huona uzito, kwa kuwa vikao vingine humalizwa kwa sala ya Kikristo; waweza kunyamaza wakati huo, na kikao kikabaki na faida yake. Waislamu wa Baltimore walianzisha njia yao wenyewe, Millati Islami, mwaka 1989. Kwa wake na mama wa walevi kuna vikundi vya Al-Anon tangu 1951, na kwa maoni yetu hivi ndivyo misikiti yetu ingeviiga kwanza, kwani mwanamke huficha siri hii miaka mingi bila wa kumwambia. Wala mtaalamu wa ng'ambo si lazima: Eldoret, watafiti walijaribu vikao sita vya ushauri wa kikundi kwa Kiswahili, vikiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa, na waliohudhuria walipunguza pombe.

Jambo moja muuguzi alilirudia mara tatu, nasi twalileta kwenu kabla ya Ramadhani. Aliyekunywa sana kwa miaka, akikatiza ghafla usiku wa kuandama mwezi, huweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, hata kupata kifafa. Jamaa hudhani ni jini, wakamwita mganga, na mtu akafa. Huyo apelekwe hospitali kwanza, aachishwe kwa dawa, ndipo kikundi kifuate. Asiyejua pa kuanzia apige 1192, simu ya NACADA isiyo na malipo, usiku au mchana, aulize huduma iliyo karibu na alipo, iwe Likoni au Malaba.