Vifo Visivyo na Jina kwenye Fomu ya Ukoo

Fomu ya historia ya ukoo ambayo kliniki za jenetiki za Uingereza humtumia mgonjwa kabla ya kumpangia siku ya kuonana na daktari ina kasoro moja kubwa, nayo ni kudhani kwamba kila familia duniani inajua wafu wake waliondokaje. Huuliza, kwa herufi ndogo na mistari mingi mitupu, kama yupo ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya kufikisha miaka 50, kama yupo aliyechanikiwa mshipa mkubwa wa damu, au ambaye lenzi ya jicho ilihama mahali pake. Na mtu wa Tanga au Mombasa anayeishi Leicester, ambaye aliwahi kukaririshwa majina ya mababu zake hadi kizazi cha saba, hujikuta hana la kuandika zaidi ya "presha", "moyo", "alianguka tu", na majibu mengine ambayo hayaandikiki kabisa kwenye karatasi ya hospitali.

Maswali hayo, hata hivyo, hayaulizwi bure. Magonjwa ya kurithi ya tishu unganishi hutokana na hitilafu katika jeni, yaani maagizo ya kuujenga mwili ambayo mtoto huyapokea kutoka kwa wazazi, na hitilafu hiyo huharibu protini kama kolajeni na fibrilini zinazoshikilia ngozi, maungio, macho na mishipa ya damu, mfano wa kamba zinazofunga fito za nyumba ya udongo, ambazo hata zikilegea ukuta huweza kusimama miaka mingi bila mpita njia kugundua lolote. Yanayotajwa zaidi ni mawili. Sindromu ya Marfan, iliyopewa jina la Antoine Marfan, daktari wa watoto wa Paris ambaye mwaka 1896 alieleza habari za msichana mwenye vidole na viungo virefu kupita kawaida, humpata takriban mtu 1 kati ya 5,000, na hatari yake kuu ni kutanuka kwa aota, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, hadi ukachanika. Sindromu ya Ehlers-Danlos, yenye majina ya madaktari Edvard Ehlers wa Denmark na Henri-Alexandre Danlos wa Ufaransa, si ugonjwa mmoja bali ni ukoo mzima wa magonjwa, ambayo uainishaji wa kimataifa wa mwaka 2017 uliyagawa katika aina 13, kuanzia ile ya maungio yanayoteguka ovyo hadi ile ya mishipa ya damu, ambayo ni adimu na huua. Katika Marfan mzazi mmoja aliye nao anatosha kuurithisha, na kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuupata, ingawa takriban robo ya wagonjwa huwa ndio wa kwanza katika ukoo wao.

Nchini Uingereza daktari wa magonjwa haya yupo. Ugumu ni kumfikia. Safari huanzia kwa daktari wa familia, ambaye simu zake hufunguliwa saa mbili kamili asubuhi, ambapo kinanda kilekile hupigwa tena na tena, mashine hutangaza nafasi ya mpigaji kwenye foleni, na anayebahatika kupokewa hupewa miadi ya dakika 10 ambamo hutakiwa aeleze bega linaloteguka, tumbo lisilosaga, kizunguzungu cha kila anaposimama na sindano ya ganzi isiyoshika kwa daktari wa meno, huku tangazo la ukutani likimwonya alete tatizo moja tu kwa kila miadi. Tatizo lake ni moja kweli, ila limeenea mwili mzima, na mfumo uliougawa mwili katika idara hauna pa kulipokea: bega hupelekwa fiziotherapia, tumbo kwa bingwa wa tumbo, kizunguzungu kwa watu wa moyo, na kila idara humrudisha kwa daktari wa familia pamoja na barua iliyopigwa chapa, yenye salamu na shukrani kwa rufaa hiyo, ikieleza kwamba kwa upande wao hawakuona kitu. Ni vigumu kukana kwamba barua hizo zinapendeza. Nakala hutumwa hadi nyumbani kwa mgonjwa, na wapo wanaozihifadhi kwenye faili pamoja na vyeti vya shule. Lengo la huduma ya taifa ya afya ni mgonjwa aanze matibabu ndani ya wiki 18 tangu apewe rufaa, na lengo hilo halijafikiwa kitaifa tangu mwaka 2016. Ipo huduma maalumu ya kutambua Ehlers-Danlos, yenye vituo London na Sheffield, lakini hiyo haipokei barua ya daktari wa familia bali ya daktari bingwa, na kazi yake hasa ni zile aina adimu, hivyo wenye aina ya maungio kulegea, ambao ndio wengi na ambao jeni ya ugonjwa wao bado haijapatikana, hurejeshwa kwenye foleni ya fiziotherapia.

Wanafunzi wa udaktari huko hufundishwa msemo unaohusishwa na profesa Theodore Woodward wa Maryland, Marekani, kwamba anayesikia vishindo vya kwato afikirie farasi, asifikirie punda milia, yaani atafute ugonjwa wa kawaida kabla ya ule wa nadra. Na wagonjwa wa Ehlers-Danlos, kwa kejeli, wamemfanya punda milia kuwa nembo yao. (Kwa mtu aliyekulia Narok, ambako farasi ndiye wa kutafutwa kwa tochi, msemo huo haumpi mwongozo wowote.) Gharama ya kufikiria farasi kila mara imepimwa: uchunguzi wa shirika la EURORDIS uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nusu ya wagonjwa wa Ehlers-Danlos waliohojiwa barani Ulaya walisubiri miaka 14 au zaidi kabla ya kutambuliwa, na robo ya waliohojiwa walisubiri zaidi ya miaka 28. Hiyo ni Ulaya yenye maabara, magari ya wagonjwa na barua zilizopigwa chapa.

Kinachoudhi zaidi ni asili ya kipimo chenyewe. Bingwa akishapatikana, huanza kwa kumtaka mgonjwa apinde kidole kidogo cha kila mkono kwenda nyuma kupita nyuzi 90, aguse kigasha kwa kidole gumba, anyooshe viwiko na magoti aone kama vinapinda kinyume zaidi ya nyuzi 10, kisha ainame aweke viganja sakafuni bila kukunja magoti, na kwa kila analoweza, upande kwa upande, humpa alama moja hadi zifike 9. Kipimo hicho huitwa kwa jina la Peter Beighton, aliyekuwa profesa wa jenetiki ya binadamu katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na makala iliyokifanya kijulikane, aliyoitoa pamoja na wenzake mwaka 1973, ilihusu ulegevu wa maungio miongoni mwa Watswana wa vijijini nchini Afrika Kusini. Waafrika hao ndio waliopindishwa vidole ili dunia ipate alama zake tisa. Nusu karne baadaye mwanamke wa Kiafrika huinama mbele ya mtaalamu wa fiziotherapia katika mji wa Kiingereza, akafikisha alama zote, kisha akaambiwa kwa upole kwamba watu wa asili yake kwa kawaida ni walaini wa viungo na hapana haja ya kuhangaika. Kwamba Waafrika kwa wastani wana maungio mepesi ni kweli. Lakini wastani wa umma mzima hauwezi kuwa jibu kwa mtu mmoja ambaye bega lake hutoka akivaa koti.

Nyumbani mambo huenda kinyume, na kinyume si lazima kiwe nafuu. Mwenye fedha mkononi anaweza kupanda basi la alfajiri Tanga na kumwona daktari bingwa Dar es Salaam bila barua ya mtu yeyote, ilmradi apitie kwanza dirisha la malipo. Zile ngazi za rufaa, kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda na ya taifa, ni za wenye kadi ya bima na wasiomjua mtu. Daktari huyo humsikiliza mgonjwa hadi mwisho, kisha huandika "maumivu ya viungo", diklofenaki na vitamini. Kabla ya hapo bega litakuwa limeshapitia kwa mkandaji na mafuta yake ya nazi, ambaye hulivuta mpaka likalia, jambo ambalo kwa tishu zilizolegea tangu kuzaliwa ni kuzidisha madhara. Na mtoto ambaye vidole vyake hujikunja hadi nyuma hapelekwi popote, huitwa sebuleni awaonyeshe wageni. Akiwa mrefu wa kupindukia, amemfuata babu yake. Akivaa miwani mizito tangu chekechea, anasoma sana.

Hapa ndipo hoja ya kawaida ya wahamiaji, kwamba nyumbani hakuna vifaa, inapolegea. Ni kweli kwamba mabingwa wa jenetiki ya tiba katika Afrika Mashariki ni wachache mno, na kwamba sampuli za kupima jeni kwa kawaida husafirishwa nje ya nchi kwa gharama ambayo familia nyingi haziwezi hata kuiuliza. Lakini Marfan haihitaji jeni ili itambuliwe. Vigezo vya kimataifa vilivyopewa jina la mji wa Ghent, Ubelgiji, na kurekebishwa mwaka 2010, vinasema kwamba mtu mwenye ndugu wa karibu aliyethibitishwa kuwa na ugonjwa huo huhitaji dalili moja kubwa tu, kama aota iliyotanuka au lenzi iliyohama, ili naye ahesabiwe kuwa nao. Aota huonekana kwa eko, yaani kipimo kinachoutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, nacho kipo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015 pale Muhimbili, inapima na kupasua moyo, kazi ambayo zamani iliwalazimu wagonjwa wengi kupelekwa India. Lenzi huonwa na daktari wa macho. Hata atenolol, mojawapo ya dawa zinazopunguza nguvu ya mapigo yanayoipiga aota, iko kwenye maduka ya dawa. Kinachokosekana ni mtu wa kuunganisha miwani ya mtoto, urefu wa baba na kifo cha ami, na habari hizo haziko maabara, ziko kwa wanawake wazee wa ukoo, ambao daktari wa nyumbani hawaulizi kwa sababu hana fomu, na wa Uingereza hawafikii kwa sababu ana fomu.

Wanawake hao nao huweka siri, na si bila sababu. Maiti huzikwa siku hiyohiyo, uchunguzi wa maiti huonekana kuwa ni kumkatakata marehemu, na anayeuliza sana chanzo cha kifo hushukiwa kwamba anamtafuta mchawi. Mfano wa Flo Hyman unafaa kutajwa hapa. Mwanamke huyo Mmarekani mweusi, nyota wa voliboli mwenye urefu wa karibu mita 2, alianguka akiwa kwenye benchi wakati wa mechi nchini Japani mwezi Januari 1986 na kufariki akiwa na miaka 31. Kwanza ilisemwa ni shambulio la moyo, lakini mwili ulipochunguzwa ilibainika kuwa ni aota iliyochanika kwa sababu ya Marfan, na baadaye kaka yake akapimwa, akakutwa na tatizo lilelile na kufanyiwa upasuaji. Angezikwa Tanga siku hiyo baada ya alasiri, kaka yake angepokea mkono wa pole.

Familia moja ya Leicester, yenye asili ya Tanga, imefika kwenye fomu hiyo kwa bahati ya daktari wa macho aliyeona kwamba lenzi ya binti yao imehama. Baba wa binti alimtumia dada yake sauti za WhatsApp mfululizo. Dada huyo alikasirishwa kwanza na swali la kama mume na mke ni ndugu wa damu, akidhani ndoa za binamu zinashtakiwa, ingawa swali lina msingi kwa kuwa aina kadhaa adimu za Ehlers-Danlos hujitokeza pale tu wazazi wote wawili wanapobeba hitilafu. Hasira ilipotulia alieleza, katikati ya habari za harusi, kwamba mdogo wao wa kiume aliyeanguka uwanjani na kufariki alikuwa akilalamikia kifua na mgongo wiki nzima, jambo ambalo kaka mtu, aliyekuwa ughaibuni wakati huo, hakuwahi kuambiwa. Kisha akaenda mwenyewe kupima eko Dar es Salaam, akalipa dirishani, na majibu akayapata siku hiyohiyo: aota imetanuka. Aliambiwa aonane na daktari wa moyo, na hapana aliyemuuliza kama ana watoto.

Picha ya majibu hayo ilitumwa kwa kliniki ya Uingereza, ambayo ilijibu, kwa barua nzuri, kwamba picha ya simu haikubaliki na kwamba inahitajika ripoti rasmi yenye saini ya daktari. Shangazi anadai aelezwe kwanza kwa nini watu wenye mashine zote hizo wanahitaji muhuri wa Dar es Salaam. Daktari wa kusaini yuko likizo. Wakati huo mjadala wa kundi la familia umehamia kwenye nani atalipia eko za watoto wa shangazi, ambao wawili kati yao wanasema hawaumwi na hawaendi.