Kodi ya Edgewood

Nilipohamia upande wa magharibi wa San Antonio, Texas, niliamini kwamba shule za serikali Marekani zinalingana, kwa kuwa mlipaji ni mmoja. Kenya nilikotoka tulijua vizuri nani hujenga darasa. Shule yetu ilikuwa ya harambee, na baba hakuacha kutuonyesha mabati aliyoyachangia yeye. Huku ng'ambo, nikadhani, hayo yalikwisha zamani.

Aliyenitoa katika ndoto hiyo ni jirani yangu, mzee wa asili ya Mexico aliyepigana Vietnam. Jioni hukaa barazani na kofia yake ya jeshi, na kila mtoto wa mtaa lazima amsalimie. Alisoma katika wilaya ya elimu ya Edgewood, mtaa wa maskini ambao wakazi wake karibu wote walikuwa Wamexico wa Marekani. Vita ile iliua vijana 54 wa Edgewood. Mzee huwataja kwa majina, kisha anaruka moja kwa moja kwenye madirisha mabovu ya shule. Kwake hayo ni mazungumzo mamoja: nchi iliyojua njia ya kuja kuwachukua haikuijua njia ya kuwapelekea walimu.

Siku moja nilikuwa nikilalamikia karatasi yangu ya kodi ya nyumba. Akaniuliza kama namjua Demetrio Rodríguez. Sikumjua. Akaniambia nikasome.

Rodríguez alizaliwa kusini mwa Texas, karibu na mpaka, kwa wazazi vibarua wa mashambani, akaletwa San Antonio akiwa mdogo ili apate shule iliyo afadhali. Alitumikia jeshi la majini katika Vita vya Pili vya Dunia. Baadaye akawa fundi wa mabati ya ndege katika kambi ya Kelly. Wanawe walisoma shule ya msingi ya Edgewood, ambako ghorofa ya juu ilikuwa imefungwa kwa ubovu na popo wamejifanyia makao. Mei 1968 mamia ya wanafunzi wa sekondari ya Edgewood waliandamana kudai walimu wenye sifa na majengo yanayofaa. Wazazi wakaungana, kina mama wakiwa mbele, na kiangazi cha mwaka huohuo wakafungua kesi katika mahakama ya shirikisho. Jina la Rodríguez lilitangulia katika orodha ya walalamikaji, ndiyo maana vitabu vinamkumbuka yeye kuliko kina mama wale. Sidhani kama ni haki, lakini hakuna niliposoma kwamba alijitafutia sifa hiyo.

Hesabu za kesi hiyo ndizo zilizoniondolea usingizi. Texas shule zilitegemea sana kodi ya nyumba na ardhi za wilaya yenyewe. Edgewood walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali yao. Alamo Heights, wilaya ya matajiri katika eneo hilohilo la San Antonio, walijitoza senti 85 tu. Maskini ndio waliojibana zaidi. Hata hivyo, kodi yao iliwapatia dola 26 kwa kila mwanafunzi, na ya Alamo Heights dola 333. Ukijumlisha fedha za jimbo na za shirikisho, mtoto wa Edgewood alipata dola 356 kwa mwaka, wa Alamo Heights dola 594. Niliisoma karatasi yangu upya. Kumbe cha kuuliza si kodi ni kiasi gani tu, bali pia inakusanywa juu ya nyumba za nani.

Wazazi walishinda mwaka 1971 mbele ya majaji watatu. Tarehe 21 Machi 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaipindua hukumu hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4: katiba ya nchi, ilisema, haitaji elimu kuwa haki ya msingi. Jaji Thurgood Marshall alipinga vikali.

Wengi wangekunja jamvi hapo. Lakini katiba ya jimbo la Texas, yenyewe, inataja shule. Mwaka 1984 mawakili wa MALDEF, shirika la kutetea haki za Wamexico wa Marekani, walirudi mahakamani, safari hii katika mahakama za jimbo, na Rodríguez akiwa miongoni mwa walalamikaji. Oktoba 1989 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Texas walikubaliana nao. Wabunge wakavutana kwa miaka kadhaa, sheria zao zikikataliwa na mahakama, mpaka ilipopita ile ya 1993 inayozitaka wilaya tajiri kutoa sehemu ya kodi yao. Watu wakaibandika jina la Robin Hood. Wakati huo wana wa Rodríguez walikuwa watu wazima tayari. Alifariki Aprili 2013, akiwa na miaka 87.

Sheria hiyo ya Robin Hood ingali inagombaniwa kila bunge la jimbo linapokutana Austin. Nami siku hizi bili ya kodi ikifika, napita kwanza barazani kwa mzee. Tunaisoma mstari kwa mstari, sehemu ya shule kabla ya zote, huku yeye akiguna kwamba nyumba yangu wameithamini kupita kiasi.