Mto Stour na Mchoraji Wake

Msafiri atokaye London kwa gari la moshi kuelekea mashariki hufika kituo cha Manningtree baada ya muda wa saa moja hivi. Hapo akishuka na kufuata njia ya miguu kando ya Mto Stour, mwendo wa kama maili mbili, atawasili Flatford. Mto huu hupakana na Suffolk upande mmoja na Essex upande wa pili, nao huingia baharini Harwich. Si mto wa kutisha; mtu aliyezoea kuuona Tana wakati wa mvua atauita kijito. Maji yake huenda polepole baina ya mierebi na malisho ya ng'ombe. Hakuna mlima wala maporomoko. Hata hivyo watu hutoka nchi za mbali kuja kuutazama, kwa sababu ya mtu mmoja, John Constable.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, karibu na mto huo. Baba yake alikuwa mfanyi biashara wa nafaka, mwenye vinu viwili, cha Flatford na cha Dedham, vilivyoendeshwa kwa nguvu za maji. Mizigo ilichukuliwa mtoni kwa matishari yaliyovutwa na farasi waliotembea ukingoni. Mzee alitaka mwanawe airithi kazi hiyo. Kijana aliifanya kwa muda, lakini moyo wake ulikuwa katika rangi. Na mwaka 1799 alipewa ruhusa ya kwenda London kujifunza uchoraji.

Siku zile wakuu wa sanaa waliheshimu zaidi picha za mashujaa wa kale na za nchi ya Italia. Constable hakuvuka bahari maisha yake yote. Alichora alivyovijua: milango ya kuzuia maji, mbao zilizooza, matope, mawingu ya mvua. Picha yake mashuhuri, The Hay Wain, ya mwaka 1821, yaonyesha gari la nyasi likiwa majini karibu na nyumba ya mkulima Willy Lott. Ilipoonyeshwa London haikupata mnunuzi.

Wahenga walisema, Mcheza kwao hutuzwa. Constable alicheza kwao, lakini tuzo ilitoka ugenini. Mwaka 1824 picha hiyo ilionyeshwa Paris, na Mfalme Charles wa Kumi wa Ufaransa akamtunukia nishani ya dhahabu. Kwao alingoja hadi Februari 1829, akiwa na umri wa miaka 52, ndipo Chuo cha Kifalme cha Sanaa kilipomchagua kuwa mwanachama kamili. Mkewe Maria, ambaye walingojeana miaka saba kabla ya kuoana mwaka 1816, alikuwa amekwisha kufa kwa kifua kikuu Novemba 1828, akiacha watoto saba. Heshima ilimkuta mgane.

Constable alifariki mwaka 1837. Leo picha hiyo imo katika National Gallery, London, na nyumba ya Willy Lott ingali imesimama kando ya maji. Miti imebadilika, lakini mgeni mwenye nakala ya picha mkononi huitambua mara moja.

Basi, msomaji, ukiulizwa na mgeni kwenu kuna nini cha kutazamwa, usifanye haraka kujibu kwamba hakuna kitu.